Kutoka Lubumbashi hadi Rio: Namna ya Kufanya Mazoezi Kama Mgeni Katika Akademia Mashuhuri ya Jiu-jitsu

Mwanajudo wa Lubumbashi anayetamani kufanya mazoezi katika akademia kubwa ya jiu-jitsu ya Kibrazili kwa kawaida huanza kwa kutafuta fedha ya tiketi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Fedha ni lazima, wala sidharau jasho la kuipata. Hata hivyo, baada ya kukaa majuma matatu Rio de Janeiro na kurudi, nimeamini kwamba kinachoamua kama utarudi na elimu au utarudi na picha tu ni jinsi ulivyojifunza kuwa mgeni kabla ya kuondoka nyumbani. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wenzangu wa vilabu vya mitaa ya mji wetu, yaani Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, ambao wengi wao wamelelewa na judo, na ambao jiu-jitsu wameifahamu kwa kutazama video kwenye simu.

Kwanza: chagua akademia kwa sababu unayoweza kuitaja

Jina kubwa peke yake halitoshi kuwa sababu. Akademia mashuhuri hazifanani, na kila moja ina jambo lake. Gracie Barra, iliyoanzishwa na Carlos Gracie Jr. mwaka 1986 katika mtaa wa Barra da Tijuca, Rio, leo ina matawi katika nchi nyingi na mafunzo yake yamepangwa kwa mtaala, hivyo anayeanza hapotei; ila ujue mapema kwamba wanataka mwanafunzi avae sare yao wenyewe. Gracie Humaitá inashikilia ukoo wa Hélio Gracie, ambako kujilinda huja kabla ya mashindano. Nova União, iliyozaliwa katika miaka ya 1990 wakati André Pederneiras na Wendell Alexander walipounganisha vikundi vyao, ndiyo iliyomlea José Aldo, aliyewahi kuwa bingwa wa UFC, mashindano ya mapambano mchanganyiko. Katika mtaa wa Copacabana anafundisha Ricardo De La Riva, ambaye jina lake limepewa aina moja ya gadi, yaani namna ya kupambana ukiwa chini na kumzuia mpinzani kwa miguu, inayotumiwa leo na washindani wa dunia nzima. Upande wa Marekani wapo Renzo Gracie katika Manhattan, New York, na ndugu wawili Rafael na Guilherme Mendes, waliofungua Art of Jiu Jitsu huko Costa Mesa, California, mwaka 2012.

Ushauri wangu kwa mtu wa kwetu ni Rio, na hasa upande wa kusini wa mji, ambako mitaa ya Copacabana, Ipanema, Flamengo na Humaitá iko karibu karibu. Ukipanga chumba karibu na kituo cha metro cha Siqueira Campos, utaweza kufanya mazoezi kwa miguu asubuhi, na jioni ukaenda kutazama akademia nyingine bila kumaliza fedha kwenye teksi. Aliyeweka fedha kidogo kidogo kwa miaka miwili hana haja ya kuzitupa barabarani.

Mwanajudo asiende huko kama mtu anayeomba huruma. Jiu-jitsu hii ni tawi la mti uleule tunaopandia sisi. Mitsuyo Maeda, aliyefunzwa Kodokan, shule mama ya judo huko Japani, aliwasili Brazil mwaka 1914, akaweka makazi Belém, na huko akamfundisha kijana Carlos Gracie, ambaye mwaka 1925 alifungua akademia Rio pamoja na ndugu zake. Hata lile pindo la bega ambalo walimu wetu hulitaja kwa Kijapani, ude-garami, huko huliita kimura, kwa sababu mwaka 1951 Masahiko Kimura alimshinda Hélio Gracie kwa pindo hilo mjini Rio. Nilipomweleza jambo hilo mzee mmoja wa mkanda wa kahawia, alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali, na kutoka siku hiyo hakuniacha nikae pembeni.

Pili: upime mwili wako hapa hapa

Pambano la judo la wakubwa ni dakika 4, na ukishuka chini mwamuzi huwapa nafasi fupi kabla hajasema simameni. Katika jiu-jitsu pambano la mkanda mweupe ni dakika 5, la buluu 6, la zambarau 7, la kahawia 8, na la mkanda mweusi 10, na sehemu kubwa ya muda huo hupita chini, kifua juu ya kifua. Mtupo ambao kwetu unamaliza pambano kwa ippon, kwao una alama 2 tu, wakati kupita gadi ni alama 3, na kumkalia mtu juu au kumshika mgongoni ni alama 4. Usiposoma hesabu hiyo kabla ya kwenda, utawatupa watu vizuri kisha utashangaa kujikuta umelaliwa kwa dakika tano bila pumzi.

Kwa hiyo, miezi mitatu kabla ya safari, badilisha mazoezi yako. Mwombe mwenzako muanze kila randori, yaani pambano la mazoezi, mkiwa mmepiga magoti, pasiwe na mtupo, na mwendelee dakika sita bila kusimama. Pumzikeni dakika moja, mkarudie mpaka mara tano au sita. Siku nyingine mwambie akukalie kifuani tangu mwanzo, na kazi yako iwe moja tu, kuchomoa nyonga mpaka upate goti kati yenu. Katika ukumbi wetu tunatandika turubai juu ya machujo ya mbao, na turubai hilo huchuna viwiko na vidole vya miguu. Kwa sababu hiyo wengi hawapendi kukaa chini muda mrefu. Valia fulana ya mikono mirefu ndani ya kimono, funga vidole kwa plasta, na ukae chini.

Ikiwezekana, kabla ya kuvuka bahari fanya ziara ndogo Johannesburg au Nairobi, ambako kuna akademia za jiu-jitsu. Kuna makosa ambayo mgeni hujifunza kwa kuyafanya, na ni nafuu kuyafanya karibu na nyumbani.

Tatu: omba ruhusa mara mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya mwalimu wako. Nchini Brazil mtu anayeacha kikundi chake kwa siri na kujiunga na kingine huitwa creonte, na neno hilo ni zito. Mgeni anayejieleza wazi kwamba ana mwalimu wake na kwamba mwalimu huyo anajua safari yake, hupokelewa kwa moyo mweupe. Anayejificha hutazamwa kama mtu wa kupeleleza.

Ruhusa ya pili ni ya akademia yenyewe. Waandikie angalau mwezi mmoja kabla, kwa Kireno kama unaye mtu wa kukusaidia, na hapa Lubumbashi wapo watu waliowahi kuishi Angola wanaoweza kuisoma barua yako. Ujumbe uwe mfupi. Wangu ulikuwa na maneno kama haya: “Natoka Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimefanya judo miaka tisa na jiu-jitsu miaka miwili, nina mkanda mweupe, uzito wangu ni kilo 74. Naomba kufanya mazoezi kwenu kama mgeni kwa majuma matatu mwezi wa Julai. Mwalimu wangu anajua safari hii. Naomba kujulishwa ada, ratiba, na rangi ya kimono mnayoikubali.” Usiongeze historia ya medali zako. Wasipojibu baada ya juma moja, uwaandikie tena kwa upole, kwa sababu akademia kubwa hupata maombi mengi na aghalabu anayejibu ni mtu mmoja wa mapokezi.

Kuhusu mwezi wa kwenda, nina maoni thabiti. Mashindano makubwa ya dunia, yale ambayo Wabrazili huyaita Mundial, yalianza Rio mwaka 1996 na tangu 2007 hufanyika California, kwa kawaida kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Katika majuma yanayotangulia, akademia za washindani huwa kama jeshi linalojiandaa. Mgeni wa mkanda mweupe huko ni mzigo, hata kama hakuna atakayemwambia. Januari na Februari kuna joto kali, na wakati wa Carnival ratiba huvurugika. Julai na Agosti hewa ya Rio ni ya upole, wengi wamerudi kutoka mashindanoni, walimu wana subira, na kwetu ni kiangazi, wakati wa likizo ndefu.

Nne: karatasi na njia

Pasipoti yako iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi. Viza ya Brazil huombwa kwenye ubalozi wao ulioko Kinshasa, na kwa mkazi wa Lubumbashi maana yake ni kuhesabu pia tiketi ya ndani ya nchi na siku kadhaa za kulala kwa ndugu. Andaa tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa mahali pa kulala, taarifa ya benki au barua ya mwajiri, pamoja na jibu la akademia ukiwa umelichapisha kwenye karatasi. Jibu hilo lina uzito, kwa kuwa linamwonyesha afisa jambo unaloliendea na muda utakaokaa. Kijana mmoja wa klabu yetu aliwahi kumlipa wakala aliyemwahidi viza bila maswali. Alipoteza fedha yote na miezi minne. Nenda mwenyewe, na karatasi zako mwenyewe.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache, kwa sababu nchi yetu inaidai kwa kila anayeingia. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote.

Kutoka uwanja wa ndege wa Luano njia ya kawaida hupitia Addis Ababa au Johannesburg hadi São Paulo. Wanaotaka kupunguza gharama huteremka São Paulo na kupanda basi kwenda Rio, mwendo wa kilomita 430 hivi, unaochukua karibu saa sita. Chukua dola zilizo safi, zisizochanika wala kuandikwa, uzibadilishe kuwa reali katika duka la fedha lenye kibali. Wabrazili wengi hulipana kwa Pix kupitia simu, lakini huduma hiyo hudai akaunti ya benki ya kwao, kwa hiyo mgeni ategemee noti na kadi ya benki. Jioni, simu yako ikae mfukoni unapotembea.

Tano: mzigo

Kimono mbili, hapana moja. Kimono iliyolowa jasho ina uzito wa mtoto mchanga, na katika unyevunyevu wa bahari haikauki kwa usiku mmoja kama inavyokauka kwenye kamba zetu za uani wakati wa kiangazi. Niliwahi kuvaa kimono yenye unyevu siku ya pili ya safari, na harufu yake ilinifikia mimi mwenyewe nilipofunga mkanda. Nilimwomba radhi mwenzangu, nikaenda kununua ya pili kwa bei ambayo ingenilisha siku sita. Shirikisho la kimataifa, IBJJF, linakubali nyeupe, buluu na nyeusi kwa mashindano, lakini ziko akademia za kizamani zinazotaka nyeupe tu, kwa hiyo chukua nyeupe mbili na hutakosea popote. Kimono ya judo inafaa, ingawa mikono yake mipana huwapa wenyeji mahali pazuri pa kushika. Ondoa nembo ya klabu nyingine kama ipo.

Ongeza fulana mbili za kubana, kinga ya meno, plasta ya vidole, kikata kucha, sabuni, na kandambili. Daftari na kalamu ziwe juu ya vyote.

Sita: siku ya kwanza

Usifanye mazoezi siku ya kufika. Rio iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa 5, na mwili uliokaa kwenye ndege siku nzima haujui kama ni usiku au alfajiri. Nenda tu ujitambulishe, ulipe ada, uone mlango wa kuvalia, kisha urudi ukalale.

Kesho yake fika dakika ishirini mapema. Mwendee mwalimu kabla ya mtu mwingine, umsalimie kwa mkono, umwite Professor au Mestre kama wanavyomwita wanafunzi wake, umwambie jina lako na mkanda wako. Mwanajudo wa mkanda mweusi aulize afunge mkanda gani. Mimi naona heshima ni kufunga mweupe mpaka mwalimu mwenyewe aseme vinginevyo. Wakati wa kupanga mstari, watu hujipanga kwa mikanda, kuanzia mweusi hadi mweupe, na mgeni hukaa mwishoni mwa rangi yake. Kandambili huachwa ukingoni mwa tatami, mkeka wa mazoezi, zikielekea nje. Asiyezivaa anapokwenda msalani na kurudi kukanyaga tatami kwa miguu mitupu amewakosea watu wote waliomo, na hakuna ustadi utakaofuta kosa hilo.

Kireno kinachosemwa hakifanani na Kifaransa kama kinavyofanana kwenye maandishi, kwa hiyo jifunze maneno machache tu: *devagar*, taratibu, *de novo*, tena, *joelho*, goti, *machucado*, nimeumia. Mengine mwili utayaeleza.

Saba: randori kwa mtu ambaye hakujui

Hapa ndipo wageni wengi wa kwetu wanapoharibu, na ndiyo sababu nitakaa hapa zaidi.

Mgeni anayetoka mbali hujiona amebeba jina la mji wake begani. Akipewa mwenzake wa kwanza, anamshika kwa nguvu zake zote, anamtupa kwa uchi-mata, mtupo wa kuinua paja, anambana shingo, na moyoni anasema Lubumbashi imeonekana. Kilichoonekana ni kwamba huyu mtu ni hatari kufanya naye mazoezi. Dakika tano baadaye mwalimu ataita mkanda wa zambarau mwenye kilo tisini, atamwambia neno moja, na somo litatolewa bila hasira lakini bila huruma. Nimeliona likitokea kwa mgeni mwingine, na sitaki limpate mtu wa klabu yetu.

Anza kwa nguvu nusu. Gonganisheni viganja na ngumi kama desturi yao ilivyo, kisha mwache mwenzako aonyeshe kasi anayoitaka, na wewe ufuate. Kama wewe ni mtupaji mzuri, jihadhari na nafasi, kwa maana tatami hujaa na watu wanane wako chini wakipambana. Katika akademia nyingi randori huanzia magotini kwa sababu hiyo hiyo. Jozi mbili zikikaribia kugongana, wenye mikanda ya chini ndio wanaohama. Yako mambo ambayo mwanajudo hayajui kama makosa: kumkata mtu miguu kwa kani-basami hakuruhusiwi kwa mkanda wowote katika kanuni za IBJJF, kumrukia mtu kiunoni ili kufunga gadi hakuruhusiwi kwa mkanda mweupe, wala kupinda kiganja. Kusokota kisigino hakuruhusiwi kabisa mkiwa mmevaa kimono.

Gonga mapema. Gonga juu ya mwili wa mwenzako ili ahisi, mara mbili au tatu, na kama mikono imenaswa, tamka. Kiwiko kilichochanika siku ya tatu hugharimu majuma yote yaliyobaki, na hospitali ya ugenini hudai fedha kwanza. Kwa hiyo nunua bima ya safari inayotaja waziwazi michezo ya kupambana. Siku yangu ya pili nilifanya randori na yule mzee wa mkanda wa kahawia niliyemtaja. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Aliingiza vidole vinne ndani ya ukosi wangu, kina mpaka nyuma ya shingo, akatulia. Hakuvuta. Nilidhani amechoka, nikaanza kusukuma goti lake ili nipite gadi, na kila nilipojisogeza mbele, mimi mwenyewe nilikuwa nikikaza ukosi. Alipoweka mkono wa pili, ulikuwa mwepesi kama mtu anayefunga kifungo cha shati, na nikagonga kabla sijaelewa. Akasema *de novo*, akanirudisha palepale, mara nne, mpaka nikaona kwamba kosa langu lilikuwa kuupuuza mkono wa kwanza. Sasa siwezi kuachia vidole viingie kwenye ukosi wangu hata nikiwa nimesinzia.

Katika akademia za kizamani mkanda wa chini hamwiti mkanda wa juu kwenye randori, bali hungoja kuitwa. Kaa ukingoni, mgongo wima, uonekane kuwa uko tayari. Ukiitwa, usikatae ila kwa sababu ya maumivu. Na usimfundishe mtu yeyote, hata mkanda mweupe wa miezi miwili anayekosea kitu unachokijua vizuri. Tatami hiyo ina mwalimu wake.

Maswali uwe nayo, lakini machache. Baada ya randori, muulize aliyekushinda swali moja linalojibika kwa mwili: “Nilipoteza wapi?” Watu hulipenda swali hilo, kwa sababu linawapa nafasi ya kukuonyesha badala ya kukuhutubia. Video usichukue bila ruhusa ya mwalimu.

Nane: ngozi

Jambo hili watu wanaliona dogo. Kucha zikatwe kila baada ya siku tatu, mikono na miguu. Oga mara tu baada ya mazoezi, kwa sabuni, kabla ya mazungumzo na kabla ya kula. Kila kimono ifuliwe baada ya kuvaliwa mara moja. Choa huanza kama duara jekundu linalowasha, na dawa ya kupaka iliyonunuliwa siku ya kwanza huimaliza, ilhali iliyocheleweshwa juma moja hukulaza pembeni muda mrefu na kuwaambukiza wengine. Uvimbe mwekundu wenye joto na maumivu, hasa kwenye goti au kiwiko kilichochunwa, ni wa kupeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu bakteria wa aina hiyo hawangoji. Ukiwa na alama yoyote, mwambie mwalimu na ukae nje ukitazama. Atakuheshimu.

Tisa: mpango wa juma na daftari

Wageni hutaka mazoezi mawili kwa siku tangu Jumatatu. Mimi nilifanya hivyo, na Alhamisi vidole vyangu havikuweza kufunga mkanda. Panga zoezi moja kwa siku katika juma la kwanza, siku tano. Juma la pili ongeza la pili kwa siku mbili. Jumapili pumzika kabisa. Kula vizuri si taabu huko: wali, maharagwe na nyama, na juu yake farofa, unga wa muhogo uliokaangwa, ambao mtu aliyelelewa kwa bukari na sombe ataupokea kama habari kutoka nyumbani. Kunywa maji tangu asubuhi, kwa kuwa sisi tumezoea hewa kavu ya mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na jasho la pwani ni jasho jingine.

Kila usiku andika mambo matatu, si zaidi: mbinu iliyofundishwa, kosa lililokugharimu, na jibu ulilopewa. Andika kwa viungo vya mwili. Nilipofundishwa gadi ya De La Riva niliandika hivi: “Nimelala chali, yeye amesimama, mguu wake wa kushoto mbele. Mguu wangu wa kulia unapita nje ya mguu wake na unyayo unarudi ndani kushika paja. Mkono wa kulia kwenye kisigino chake. Mkono wa kushoto kwenye mkono wa kimono yake. Mguu wa kushoto unasukuma nyonga yake. Nikivuta na kusukuma kwa pamoja, anakosa pa kusimama.” Mistari hiyo michache imenifaa kuliko video zote nilizotazama kabla ya safari, kwa sababu kila neno lake niliwahi kulihisi.

Katika majuma matatu usitafute kujua kila kitu. Chagua gadi moja, njia moja ya kupita gadi, na njia moja ya kutoka chini ya aliyekukalia. Siku mwalimu anapofundisha kitu kingine, kifanye kwa utii, lakini katika randori rudi kwenye vitu vyako vitatu.

Kumi: kuaga na kurudi

Siku ya mwisho mwambie mwalimu kwamba unaondoka, umshukuru mbele ya mstari kama atakupa nafasi, na uombe picha pamoja na kikundi. Zawadi ndogo ya kwetu hupokelewa vizuri; mimi nilipeleka kibao cha malakiti kilichochongwa na fundi wa hapa mjini, kimewekwa kwenye meza ya mapokezi. Mkanda usiombe. IBJJF yenyewe inataka mtu akae angalau miaka 2 kwenye mkanda wa buluu kabla ya zambarau, na mwalimu aliyekuona siku kumi na tano hawezi kukujua kama anavyokujua aliyekufundisha kuanguka.

Ukifika nyumbani, mpelekee mwalimu wako daftari kabla ya kuonyesha chochote kwenye tatami, mkae pamoja, yeye aamue kipi kifundishwe na lini. Sisi tulianza Jumamosi ya kwanza na ile ndoano ya mguu ya gadi ya De La Riva peke yake. Watu kumi na wanne, jozi saba juu ya turubai, dakika ishirini upande wa kulia, dakika ishirini upande wa kushoto, mwalimu akizunguka na kusahihisha unyayo kwa ncha ya fimbo yake. Jumamosi ya pili tuliongeza mkono wa kisigino. Ya tatu, msichana wa miaka kumi na sita, mwepesi kuliko wote, alimwangusha kaka yake wa kilo themanini kwa mbinu hiyo, na kaka yake akasema arudie, ili aone alipopotezea mguu.